Naomba ushauri: mtu asiyeitika wala kujibu, sayansi inaweza kujua kama bado yupo?

Mtoto wa Ruvu (mleta mada)
Habari za usiku wakuu. Kuna swali linaninyima usingizi. Mtu amefumbua macho, anapumua mwenyewe, analala na kuamka, lakini ukimwita haitiki na ukimshika mkono haushiki wako. Je, yeye mwenyewe yupo? Kuna kipimo cha kulijibu hilo kwa uhakika? Na kama hakipo, sayansi inaishia wapi? Naulizia kwa niaba ya rafiki. Naomba majibu ya maana.

Mwalimu wa Fizikia
Umegusa penyewe. Mwaka 1714 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika kwamba hata tungeikuza mashine inayofikiri mpaka tukaingia ndani yake kama kwenye kinu cha kusagia nafaka, tungekuta vipande vinasukumana tu, na popote tusingeona kinachoeleza kuhisi. Leo tuna picha za ubongo na hoja yake bado imesimama. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ingejulikana ni nini hasa kwenye ubongo kinacholeta fahamu. Juni 2023, New York, Koch alikubali ameshindwa, akatoa mvinyo. Tunajua sehemu zipi za ubongo huchangamka jino likiuma. Kwa nini pawe na mtu anayeumia, hapo hakuna aliyefika, na mimi naamini kwa vipimo peke yake hatutafika.

Abuu Swaumu
Mwalimu unazunguka mbali. Qur'ani, Al-Israa aya ya 85, imeshatuambia roho ni jambo la Mola na elimu tuliyopewa ni kidogo. Rafiki yako amwombee huyo mgonjwa na amtolee sadaka.

Kipara cha Mchana
Mjomba wangu alipata malaria ya kichwa kule Lushoto, hajitambui kabisa. Ndugu wakakaa pembeni ya kitanda wakaanza kugawana vitu vyake. Alipozinduka akatusomea yote: nani alitaka baiskeli, nani alitaka mabati. Mpaka leo kuna watu hawakanyagi kwake. Kwa hiyo mleta mada, mwambie rafiki yako achunge mdomo.

Shangazi Mkavu
Mwanangu, mtu haulizi hivi usiku wa manane kwa ajili ya rafiki. Mgonjwa ni nani? Sema usaidiwe.

Mtoto wa Ruvu
Sawa shangazi. Ni mama yangu mzazi. Aligongwa na bodaboda mwaka jana. Wodini walifanya walichoweza, tukarudi naye nyumbani, analishwa uji kwa mpira wa puani. Daktari alisema ubongo "hauna fahamu". Nikamuuliza amejuaje, akasema kwa sababu hajibu. Hapo ndipo nilipokwama. Kutojibu na kutokuwepo ni kitu kimoja?

Nesi wa Zamu
Pole sana mdogo wangu. Nimefanya kazi miaka na majeruhi wa kichwa, na nakwambia si kitu kimoja. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, Cambridge, Uingereza, walimpima kwa MRI (mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini) dada wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari na kuhesabiwa hana fahamu. Walimwambia awaze anacheza tenisi, sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikachangamka kama ya mtu mwenye afya. Wakamwambia awaze anapita vyumba vya nyumbani kwake, zikachangamka sehemu nyingine. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 54: watano waliweza kuitikia hivyo, na mmoja alijibu maswali ya ndiyo na hapana kwa kuwaza tu. Utafiti mkubwa wa 2024, uliotumia MRI na kipimo cha umeme wa ubongo, uliwakuta 60 kati ya 241 wasiotii amri yoyote kitandani wakizitii ndani ya ubongo.

Sasa soma na upande wa pili. Katika utafiti huohuo walipimwa wagonjwa 112 waliokuwa wanatii amri waziwazi, watu ambao hakuna shaka wapo. Vipimo viliwabaini 43 tu. Maana yake mashine ikisema "yupo", iamini. Ikinyamaza, hujajua kitu.

Kabla ya kusafiri popote kufuata vipimo hivyo, tafuta kioo cha mkononi. Mkae macho kwa macho akiwa ameamka, mchana, redio imezimwa. Mwonyeshe uso wake mwenyewe, ukisogeze polepole kulia, kushoto, juu, chini. Macho yakikifuata, hiyo ni dalili kubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapima upya kwa utaratibu kama huu wagonjwa 44 ambao timu zao zilikubaliana hawana fahamu. 18 walikuwa nayo.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnanyweshwa chai. Mwanzo rafiki, sasa mama. Na huyuhuyu juzi kwenye matangazo kaweka kiwanja Kibaha, "bei ya haraka, hati ipo". Mtu mama yake yuko hoi anauza viwanja? Subirini, kesho ataweka namba ya kuchangia.

Kipara cha Mchana
Nimekwenda kuangalia, tangazo lipo kweli. Mleta mada jitokeze.

Mtoto wa Ruvu
Sijaomba shilingi ya mtu. Kiwanja ni cha mama, hati ina jina lake. Nauza ili nimpeleke India, kuna hospitali imekubali kumfanyia hicho kipimo. Malipo ya awali nimeshapokea, na mnunuzi anataka tumalizane Ijumaa. Dada zangu hawajui. Sikusema kwa sababu dada mkubwa anasema mama alishaondoka, na kwamba mpira ukitoka safari hii tusiurudishe. Anajuaje? Mwalimu hapo juu anasema hata mabingwa wa dunia hawajui fahamu ni nini. Kama hawajui, mimi nimzike mtu anayepumua?

Mwalimu wa Fizikia
Ndugu, usinitumie hivyo. Nilisema hatujui kwa nini fahamu ipo. Kama mtu fulani anasikia au hasikii ni swali jingine, na hilo kwa kiasi linapimika. Ukiyachanganya, utalipia tiketi kutafuta jibu ambalo mashine haina.

Shangazi Mkavu
Mimi nauliza hati. Mama hawezi kusaini, wewe umesaini kama nani? Kama yupo, kiwanja ni chake na hajakuruhusu. Kama hayupo, ni cha warithi wote. Kwa vyovyote si chako peke yako. Nenda kwa mwanasheria kabla ya Ijumaa.

Jicho la Tatu
Weka picha ya mgonjwa tuamini.

Nesi wa Zamu
Hakuna kuweka picha ya mgonjwa hapa. Ukiona ni chai, iache ipoe, wapo wengine wenye mgonjwa kama huyu wanaosoma kimya.

Mtoto wa Ruvu
Leo mchana nimejaribu kioo. Jicho la kushoto lilifuata upande mmoja. Niliporudia halikufuata. Mdogo wangu anasema limebahatika tu, mimi nasema ameniona. Mnunuzi nimemwambia asubiri, amekasirika. Dada mkubwa anakuja Jumamosi.

Nesi wa Zamu
Mara moja hatuwezi kusema kitu. Rudieni kila siku saa tofauti, andikeni hata siku asiyofuata, kwa sababu hali hiyo hupanda na kushuka. Jumamosi kioo ashike dada, wewe kaa pembeni. Na mpira ukitoka kabla hajafika, mrudisheni hospitali wauweke, msiuingize wenyewe.