Napiga country baa hapa Mbeya, nataka kurekodi, nianzie wapi?

gitaa_kavu
Wakuu habari za jioni. Mi naimba country na gitaa kavu kwenye baa hapa Mbeya, wikiendi niko Soweto ya hapahapa mjini, Jumapili mchana kuna sehemu Uyole huwa wananiita. Napiga kopi za Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, zile ambazo hata mzee aliyelewa anaimba na wewe mpaka mwisho. Mwenye baa ananipa nauli na msosi, zingine ni za kutuzwa, na wanaotuza vizuri ni madereva wa malori wanaopita kwenda Tunduma, hao country wanaielewa kuliko hata sisi. Sasa nataka niwe msanii wa kurekodi, country ya Kiswahili. Nimeenda studio moja hapa mjini, prodyuza ananiambia we niachie vokali tu biti ntaweka mwenyewe, kidogo nasikia amapiano inaingia chini ya sauti yangu, nikabeba gitaa langu nikasepa. Naomba kujua wenzetu Marekani walitokaje baa mpaka wakafika kurekodi, na hizi kopi nikizigeuza Kiswahili naruhusiwa kurekodi? Au nipande tu basi niende Dar?

mzee wa santuri
Ugonile kijana. Mi nijibu hilo la Marekani, mengine wapo wenyewe. Watu wanadhani Nashville, ule mji wa country kule Marekani, kuna bosi anakaa baa anasubiri sauti nzuri ipite ampe mkataba. Sauti nzuri kule zimejaa mpaka jikoni na sikutanii, Randy Travis alikuwa anapika na kuosha vyombo kwenye klabu ya Nashville Palace, akimaliza anapanda jukwaani anaimba, makampuni yamemkataa weee mpaka kampuni ya kurekodi ya Warner Bros wakamchukua 1985. Garth Brooks alikuwa anapiga baa za Stillwater kule Oklahoma wakati anasoma chuo, kwao staa kabisa, 1985 akaenda Nashville, alichokiona huko alijua mwenyewe maana alikaa kama siku moja tu akageuza kwao. Karudi tena 1987. Hapo ndo akaanza kuimba Bluebird Cafe, kamgahawa kadogo tu kamefunguliwa 1982, ila pale watunzi wanakuja kuimba nyimbo zao wenyewe na watu wanatulia wanasikiliza maneno. Kampuni ya Capitol walishamkataa, mtu wao akaja kumsikia pale 1988, wakabadili mawazo, 1989 albamu ikatoka.

Umeona hiyo? Baa ilimpa koo, vidole na roho ngumu ya kuimba huku watu wanagombania bili, lakini kilichomtoa ni kusikika mahali watu wanakosikiliza, akiwa na wimbo wake. Luke Combs naye wa juzi juzi tu, alikuwa baunsa wa baa Boone, North Carolina, akawa anaimba humohumo, 2014 akahamia Nashville, akatoa nyimbo zake mwenyewe bila kampuni, zilipoanza kutembea ndo kampuni ya Columbia wakaja, albamu ya kwanza 2017. We post yako yote umetaja nyimbo za watu, zako ziko wapi? Ukimwimbia mtu Don Williams vizuri anamshangilia Don Williams.

mchovu tu
Country bongo nani anasikiliza kaka, piga singeli upate hela ujenge.

dada wa Kihesa
Kamwene wote. Mchovu unachekesha, Don Williams alienda Zimbabwe 1997 akapiga Harare na shoo ikarekodiwa, Nairobi pale yule mwimbaji Sir Elvis anaishi kwa country, hao wasikilizaji wametoka wapi kama hawapo? Hata Iringa huku nenda sherehe yoyote ya watu wazima uone Jim Reeves akiwekwa.

Kuhusu kugeuza kopi, acha kabisa. Chukua The Gambler, watu wote wanasema wa Kenny Rogers lakini mtunzi ni Don Schlitz, Kenny kaimba tu, na ukitaka kuutafsiri ruhusa inatoka kwa mtunzi na wanaosimamia haki zake, hata sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya tafsiri. Ukipandisha YouTube bila ruhusa ule mfumo wao unakutambua na hela ya matangazo inaweza kwenda kwao. Nguvu hiyohiyo weka kwenye wimbo wako. Kujisajili BASATA, baraza la sanaa, anza kwa afisa utamaduni hapo jiji atakuelekeza, kazi ukishakamilisha isajili COSOTA, wale wa hakimiliki, na kama mmetunga wawili andikeni kabisa nani ana asilimia ngapi kabla hamjaanza kununiana. Dar sio lazima. Apu za muziki kama Boomplay, Spotify, Audiomack unafika kupitia msambazaji wa mtandaoni hata ukiwa Isyesye, ila YouTube usitegemee hela ya matangazo mpaka ufike wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa.

mzee wa santuri
Nimesahau Loretta Lynn, huyu ndo wa kumuiga. 1960 katoa singo ya kwanza kwenye kampuni ndogo haina hela ya kutangaza, yeye na mumewe wakapakia kwenye gari wakazunguka redio kwa redio wakiomba wimbo upigwe, na ukaingia chati. We una barabara hapo, Mbeya, Makambako, Njombe mpaka Songea, redio ziko kote. Nenda mwenyewe na gitaa, mtangazaji akikuona unaimba palepale hakusahau, link ya WhatsApp anaipotezea.

gitaa_kavu
Ndaga fijo wakubwa. Nyimbo zangu ninazo wazee, kuna mmoja wa dereva kalala mlima Kitonga lori limeharibika, mke yuko Makambako anampigia haipatikani anajua yuko kwa mchepuko. Baa huwa siuimbi naogopa watapoa.

fundi mitambo
Huo uimbe kesho, uweke katikati ya kopi mbili wanazozipenda, uwaangalie madereva. Sehemu wanayoanza kuchezea simu ndo ya kuandika upya.

Studio sasa. Usitafute prodyuza wa biti, tafuta anayerekodi kwaya au bendi, huyo maiki anajua kuzitega. Kapime kasi ya wimbo nyumbani na kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, hata ya kwenye simu, nyuzi badilisha siku moja mbili kabla zitulie, rekodi gitaa peke yake kwanza alafu sauti, na uondoke na faili za WAV kila chombo na lake sio mp3 moja. Chodi andika kwa namba kama wanavyofanya Nashville, ki, yaani sauti unayoimbia, ikiwa G basi G ni 1, C ni 4, D ni 5, mpiga besi akija na ki ikashushwa sababu ya mafua yako hakuna kuandika upya. Ule wa Kitonga uko ki gani?

gitaa_kavu
G, ila nabana kapo, kile kibanio cha nyuzi, fret ya pili so inalia A. Kuna mtu anajua kwaya gani hapa mjini imerekodi karibuni na gitaa likasikika safi? Nikamuulize mwalimu wao walirekodia wapi.