Seva ya tivi nyumbani inakula umeme mno, naanzia wapi kupunguza?

sebule_tulivu
Wakuu habari za saa hizi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, Intel ya kizazi cha sita, nimeigeuza seva ya tivi. Imechomekwa tyuna mbili za USB za antena (vifaa vya kunasa matangazo ya tivi), ina diski mbili za inchi 3.5, na kadi ya grafiki iliyokuwemo ndani tangu naipata. Programu ya Tvheadend inarekodi, ya Jellyfin inagawa, kila mtu anaangalia kwa muda wake, sebuleni kwenye tivi na chumbani kwenye simu. Kazi inapiga vizuri sina neno. Ishu ni umeme. Juzi nimeazima kile kipima wati cha kuchomeka ukutani, mashine ikiwa imekaa tu haifanyi chochote inasoma 78, mtu akifungua chaneli kwenye simu inapanda mpaka 120 na feni inavuma hadi unaisikia chumba cha pili. Nimepiga hesabu 78 mara saa 24 ni karibu yuniti 1.9 kwa siku, kwa mwaka inafika 683, na hapo bado hakuna aliyeangalia kitu. Nahamia Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ubao mmoja, au kuna njia nyingine? Hela ni ya kuunga unga, na sitaki kupoteza rekodi za alfajiri wakati sote tumelala.

fundi_wa_mux
Mkuu usinunue kitu kwanza, fungua hilo boksi. Zima, chomoa waya ukutani, toa kadi ya grafiki, HDMI hata huihitaji kwa sababu seva unaiendesha kwa mtandao. Kadi ya grafiki hata ikiwa imelala inakunywa wati 10 mpaka 20 na hapo kwako haina kazi, Intel yako inayo grafiki ndani yake. Halafu angalia diski, ya inchi 3.5 ikizunguka inakula kama wati 5 au 6 muda wote, kama vitu vinaenea kwenye moja kwa nini zizunguke mbili.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, tyuna moja inapokea mux nzima, yaani masafa yale na chaneli zote zilizomo ndani yake kwa pamoja. Mimi narekodi chaneli nne kwa tyuna moja kwa kuwa zote ziko mux moja. Fungua orodha ya mux kwenye Tvheadend uone zile mnazoangalia zimekaa wapi, huenda tyuna ya pili inapata joto bure. Shika kifuniko chake ukiamka asubuhi, kama ni cha moto na hakuna aliyerekodi usiku basi kuna kitu kinaiamsha, mara nyingi ni ile skani ya ratiba ya vipindi, kaiwekee saa maalum mara moja kwa siku.

nyaya_na_diski
Naongezea kwenye hiyo 120. Hapo seva inatranskodi, yaani inaivunja picha na kuijenga upya kwa sababu simu haiwezi kuisoma ilivyo. Matangazo mengi ya antena ni MPEG-2 (mfumo wa zamani wa kubana video) au ni picha ya mistari inayopishana, na brauza nyingi hazisomi MPEG-2. Ingia kwenye dashibodi ya Jellyfin wakati mtu anaangalia, inakuandikia kama inapeleka faili moja kwa moja au inatranskodi, na sababu yake inaitaja. Kwenye simu acha brauza, weka programu ya VLC au Kodi ichukue mkondo toka Tvheadend ulivyo, simu itafungua yenyewe na seva itabaki na kazi ya kupitisha data tu. Kurekodi hakuchoshi prosesa hata kidogo, chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6 kwa saa, inaandikwa kama ilivyotoka hewani.

Pale ambapo kutranskodi hakukwepeki washa Quick Sync, yaani kutranskodi kwa grafiki ya ndani ya Intel, kwenye Jellyfin ni bure, prosesa inapumzika sana.

pi_ndogo
Mi nipo tofauti kidogo, nunua tu Raspberry Pi 5 umalize, wati 3 au 4 ikiwa imekaa, utasahau kabisa habari ya umeme

nyaya_na_diski
@pi_ndogo kwa kurekodi tu nakubali, ila yeye ana watu wa simu. Pi 5 haina enkoda ya H.264 ya vifaa (chipu maalum ya kubana video), kutranskodi kote kunaangukia prosesa. Na Pi 4 milango yake yote minne ya USB inagawana ampea 1.2, mimi niliweka diski ya inchi 2.5 na tyuna mbili, picha ikawa inakatika vipande kila diski inapoanza kuzunguka, wiki nzima nalaumu antena, napanda juu nageuza, nashuka, kumbe umeme hautoshi. Nilivyoweka habu yenye adapta yake ikatulia siku hiyo hiyo. Kama ni kununua bora kompyuta ndogo yenye Intel N100, ikikaa tu ni wati 6 mpaka 10 na Quick Sync unayo.

mama_wa_ratiba
Jamani na habari ya kuilaza je? Mi naizima usiku kwa rtcwake, amri ya Linux ya kulaza mashine na kuipangia saa ya kuamka, inaamka dakika tano kabla ya rekodi.

fundi_wa_mux
Dada inawezekana, lakini iangalie hiyo tyuna. Yangu ikiamka usingizini haionekani mpaka nipakie draiva upya, nimepoteza rekodi mbili hivyo na moja ilikuwa ya fainali. Tangu hapo nalaza diski peke yake, amri ya hdparm -S 240 inailaza ikikaa dakika 20 bila kazi, na maktaba ya Jellyfin pamoja na kumbukumbu zake nimeweka kwenye SSD (diski isiyozunguka), vinginevyo diski inaamshwa kila saa kwa ajili ya vijifaili vidogo. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) weka pia ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

sebule_tulivu
Nimerudi wakuu. Kadi imetoka, kipimo kikashuka toka 78 mpaka 61, nilikodoa macho. Nimehamishia vitu kwenye diski moja, 55. Chaneli zetu zote kumbe ziko mux mbili tu na hatuzirekodi kwa wakati mmoja, tyuna ya pili nimeichomoa, 53. Nikapitisha powertop --auto-tune, amri ya Linux ya kubana matumizi ya umeme, 46. Ni wati 32 zimepungua, kwa mwaka yuniti kama 280, na sijatoa hata senti. Simu sasa inatumia VLC, kipimo kinacheza 48 na feni siisikii tena. N100 nitaijia taratibu. Rekodi ya saa kumi na nusu alfajiri leo nimeiangalia nikinywa chai, imekamilika yote.

mama_wa_ratiba
Hongera kaka. Hiyo powertop ikizimwa mashine inasahau, itengenezee huduma iwe inajipitisha kila ikiwaka. Na uichunguze tyuna, kuna zingine auto-tune inazilaza USB katikati ya rekodi, ikitokea hivyo huo mlango mmoja uurudishe ulivyokuwa.