Mada: Bluzi ya Ijumaa, na pesa za kutuma Goma

Kutoka Liège
Ndugu na dada, jambo sana. Wiki nzima humu kundini ni picha za vita tu, na ile ya askari barabarani niliitambua: ni ya Novemba 2012. Tunatishana kwa vitisho vya zamani. Naomba tupumue kidogo. Yule wetu wa Montréal, wimbo wako wa bluzi wa kila Ijumaa uko wapi? La pili ni la haraka: mama yuko Himbi, mtaa wa Goma, benki yake ilifunga mlango mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Pesa mnawafikishiaje wazazi?

Kutoka Montréal
Yaya, dada yangu, zamu za usiku zimenimeza. Napanga masanduku ghalani mpaka alfajiri, nikifika nyumbani huko Goma mmeshakula chakula cha mchana. (Saa zetu ziko sita nyuma yenu majira ya joto, saba majira ya baridi. Tafadhali msinipigie saa yenu nane mchana, ndipo nalala.)

Leo ni Mississippi John Hurt, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani. Sikilizeni kidole gumba: kinatembea chenyewe kwenye nyuzi nene bila kuchoka, huku vidole vingine vinaimba juu. Alirekodi mwaka 1928, halafu akarudi kulima kijijini Avalon, jimboni Mississippi, na wapenzi wa muziki hawakumtafuta hadi 1963. Baba yangu, mtu wa Lubumbashi, akimsikia husema: "Huyu ni ndugu yake Mwenda." Hakosei sana. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Katanga, naye alitembeza gumba namna hiyo, akichokoa nyuzi nyembamba kwa kidole cha shahada. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili chetu. Hurt alipiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani mwaka 1963. Mwenda akapanda jukwaani huko huko mwaka 1969. Sidhani kama mmoja aliiga kwa mwenzake. Mikono ya wakulima na ya watu wa migodini ilifika penyewe.

Na mtindo wenyewe wa bluzi tunaujua. Mstari unaimbwa, unarudiwa vile vile, wa tatu ndio unajibu. Ndivyo ninavyoongea na nyumbani: mko salama? Mko salama? Ndipo mtu anajibu kwamba makala (makaa) yamepanda bei.

Kutoka Lusaka
Masengo msimsahau! Édouard Masengo, mpiga gitaa, naye ni wa Katanga. Mwenda alikaa Nairobi kitambo, wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga vidole. Alifia huku Zambia mwaka 1990, ajali ya gari.

Kutoka Katindo, Goma
Wakubwa, video msitume. Mega zinaisha kabla mzee hajafungua mdomo. Tumeni sauti peke yake, iliyobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tatu unakuwa kama mega moja na nusu, hata simu ya mama inaupokea.

Pesa sasa. Tuma kwenye simu yake, lakini kwanza amuulize wakala kama ana noti mkononi, maana wengi hawana, na wenye nazo wanakata asilimia yao juu ya ada ya kawaida. Wanaoweza kuvuka mpaka wanatolea pesa Gisenyi, Rwanda. Kwa mama mzee ni heri zibaki kwenye simu: muuza unga au dawa akikubali kulipwa hivyo, hakuna wa kumkata katikati. Kiasi kidogo kidogo, dada, usimwage zote siku moja. Akipewa faranga za karatasi, azitazame palepale. Noti iliyochanika inakataliwa sokoni.

Na picha za vita, asante kwa kuziacha. Sisi risasi tunazisikia wenyewe, hatuhitaji kutumiwa.

Kutoka Liège
Aksanti, kaka. Nimempigia. Duka la jirani yake linapokea malipo ya simu, kwa hiyo leo natuma nusu, Jumatano nusu nyingine. Dawa za presha amebakiza za wiki moja. Wa Katindo, nitakuandikia pembeni jina la dawa unisaidie kuuliza bei.

Wimbo wa Hurt nao umemfikia mama. Ameusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Huyo mzee walimlipa?" Montréal, mjibu wewe.