DJ wa muvi za kutafsiri, kwenye kifo cha Jack ulishindwa nini kunyamaza?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kelele za baa, hili ni jambo jingine kabisa.

Jumamosi niliingia kibanda umiza kimoja huku Mwanga, Kigoma. Kiingilio jero. Ubaoni wameandika kwa chaki TITANIC YA KISWAHILI. Ni muvi ya 1997, nimeiona mara nyingi, ila nilitaka kuiona pamoja na watu wanaoielewa. Na huku habari za meli kuzama hatusimuliwi: Liemba yetu Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, mvuvi wa Kibirizi.

Sipingi kutafsiri, jamani. Nusu ya waliokuwa mle Kizungu hakipandi. Na mwanzoni jamaa alienda vizuri tu, hata wale wanamuziki wanaoendelea kupiga wakati meli inazama aliwaelezea kwa adabu.

Sasa meli imeshakwenda chini. Watu wako majini, baridi kali, wanapiga mayowe. Halafu mayowe yanapungua. Yanazidi kupungua. Inabaki sauti ya mmoja mmoja, kisha kimya. Kile kimya ndiyo sini yenyewe! Ndicho kinachomliza mtu, maana unajua kila sauti iliyokatika ni roho imetoka. Boti 20 ziko jirani, na kwenye muvi inarudi moja tu. Mzee alishavua kofia, kaishika magotini. Rose anamtikisa Jack, anamwita, Jack haitiki.

DJ: "Oyaaa! Mwana kaganda kama barafu ya mia!"

Banda zima kicheko. Jack anazama taratibu, mkono ndio wa mwisho kuonekana, jamaa kaweka singeli na anataja namba yake ya simu ya kuagizia muvi. Mara mbili! Hata filimbi anayopuliza Rose ili aokolewe hatukuisikia.

Mzee akavaa kofia akainuka. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona mapema?" Akasema, "Ngoja nikaangalie mtumbwi, mwanangu." Hakuniangalia usoni.

Nikamfuata mwenye banda nimweleze. Jibu lake: "Kaka, ukitaka kulia nenda msibani." Jero yangu hiyo imekwenda.

Kama kuna mtu anajua banda la Gungu, Katubuka au hata Ujiji linaloonyesha muvi za kutafsiriwa na mtu mwenye akili zake, anielekeze. Maana hawa wangu kesho wametangaza The Lion King. Pale Simba anapomvuta sikio baba yake aliyekanyagwa na nyumbu, anamwambia aamke warudi nyumbani, sijui jamaa kabandika utani gani. Mpwa wangu ananing'ang'ania tangu asubuhi nimpeleke. Baba yake tumemzika Januari.

Nimemwambia kesho hakuna umeme.