Begi la skii la mitumba, jipya la lita 65 au Deuter kuukuu: lipi lipande Mlima Elgon?

MwanaMenengai (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Januari tunapanda Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim, siku nne, tuko watatu pamoja na askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Tutalala kwenye hema na kujipikia wenyewe. Viatu ninavyo, koti la mvua ninalo, kilichobaki ni begi na hapo ndipo nimekwama.

Kuna moja nililiona Kibuye nikiwa Kisumu: mitumba, kijani, lita 42. Lina mikanda ya ajabu ubavuni, mfuko wa mbele wenye vijifuko virefu vyembamba ndani yake, na zipu inayofungua mgongo wote. Muuzaji aliniapia kwamba ni la wanajeshi wa Ulaya. 2,800. Jingine ni jipya, liko dukani hapa mjini, lita 65, jina lake sijawahi kulisikia, linakuja na kava ya mvua. 4,500. La tatu ni Deuter Aircontact 65+10 (lita 65, na 10 za kuongeza) la jirani anayehama. Klipu ya kiunoni imevunjika na ndani kuna harufu fulani. Anataka 6,000 na hashuki.

Mimi ni mwembamba, kilo 61. Mngebeba lipi?

Mkwea_Kitale

Ndugu, jeshi gani hilo! Hilo ni begi la skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, la wale wanaovuka milima ya theluji siku kadhaa wakilala kwenye vibanda vya huko juu. Ile mikanda ya ubavuni ni ya kufungia skii mteremko unapokuwa mkali na mtu anapanda kwa miguu. Mfuko wa mbele ni wa koleo na fimbo ya kukunja, ile wanayoichoma kwenye theluji kumtafuta mwenzao aliyefukiwa na poromoko. Vinawekwa peke yao kwa sababu mtu akishafukiwa, baada ya robo saa hivi nafasi ya kumtoa akiwa hai inashuka vibaya, na hakuna wa kuanza kupekua chini ya soksi.

Zipu ya mgongoni ndiyo inayonifanya nilipende. Kwenye theluji unalilaza begi kifudifudi, unafungua mgongoni, unachukua kitu chako, na sehemu inayogusa mwili haipati maji. Sasa ondoa theluji, weka matope ya Elgon. Kwenye mianzi iliyolowa hutapata mahali pakavu pa kuweka begi hata kwa dawa, na anayefungulia juu ataishia kuvaa tope mgongoni.

Ila lina mawili. Mgongo wake ni bapa na hauna wavu, maana wavu ungejaa theluji. Kwenye jua la huku shati litalowa jasho kabla hujatoka msituni. Na lita 42 zinamtosha mtu anayelala kibandani na kupikiwa. Wewe una hema, sufuria na gesi. Litakutosha tu kama nyinyi watatu mtagawana hema sawasawa: huyu turubai, yule vyuma, yule vigingi na jiko.

DadaWaKondele

Kaka, kabla hujatoa pesa kwa begi lolote lililotumika, ingiza mkono mpaka chini kabisa upapase kitambaa, hasa kwenye pembe na kwenye mishono. Kikinata, au ukitoa mkono una maganda meupe membamba vidoleni, funga zipu urudishe. Mabegi haya hupakwa tabaka la kuzuia maji upande wa ndani, na likikaa miaka mahali penye joto na unyevu, tabaka hilo huoza lenyewe hata kama begi halijatumika. Hakuna sabuni ya kulirudisha. Harufu yake ni kama matapishi ya mtoto mchanga, ukiisikia mara moja hutaisahau. Kwa hiyo hiyo "harufu fulani" ya Deuter usiipite hivi hivi. Harufu ya moshi au ukungu ni sawa, utaosha na kuanika. Hiyo nyingine, kimbia.

Na kwenye mabegi ya skii kuna aina moja utakayoikuta mitumba ukabaki unashangaa: lina mpini uliofichwa kwenye mkanda wa bega. Hilo ni la puto. Mwenye begi akikamatwa na poromoko anavuta mpini, puto la kama lita 150 linajaa na kumsaidia abaki juu ya theluji. Ni zito, ndani limejaa mitambo, na huku halikusaidii chochote. Lako halina mpini kwa maelezo yako, lakini hakikisha.

Chepkoit_Cherangani

Mnaongea lita na jina, hakuna aliyemuuliza urefu wa mgongo. MwanaMenengai, inamisha kichwa, papasa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo. Kisha weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikiangalia nyuma. Mtu akupimie kutoka ule mfupa wa shingo mpaka mstari kati ya vidole gumba. Hicho ndicho kipimo cha begi. Kuna watu warefu wenye mgongo mfupi, na kinyume chake.

Halafu nenda na mzigo dukani. Pakiti sita za unga za kilo mbili ni kilo 12, na kwa mtu wa kilo 61 hapo ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wako, usizidishe sana. Vaa, funga mkanda wa kiuno kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kisha legeza mikanda ya mabega kabisa. Begi likibaki mahali pake, ni begi. Likiteleza hadi matakoni, hata lingekuwa bure liache. Hayo ya 4,500 mengi huanguka hapo: mkanda wa kiuno ni utepe wenye sponji mbili laini, na mgongoni hakuna fremu ila karatasi ya plastiki. Lita 65 bila fremu ni mtego, kwa sababu utazijaza.

MzeeWaEndebess

Vijana mnapenda kuteseka. Chukueni mpagazi, kila mtu abebe begi dogo la shule lenye maji na sweta, basi. Pesa ya begi jipya mlipe kijana wa hapa, naye apate karo.

Na chakula chenu mkiangalie. Kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzi kama 88. Maharagwe makavu mtayapikia gesi yote na bado yatalia kwenye meno. Bebeni vinavyoiva upesi. Nimewaona watu wamebeba kilo tatu za maharagwe mpaka karibu na kilele cha Koitobos na kuzirudisha.

Mkwea_Kitale

Mzee wangu, shikamoo. Mpagazi ni wazo zuri, ila naye anahitaji begi lenye mkanda wa kiuno. Tusimfungie gunia kwa kamba mgongoni halafu tuseme tumempa kazi.

Chepkoit, kipimo chako nakiunga mkono. Lakini hesabu na uzito wa begi tupu. Deuter ya ukubwa huo inakaribia kilo tatu. Hilo la skii nadhani ni nusu yake. Kwenye kilo 12 hiyo tofauti ni chakula cha siku mbili.

DadaWaKondele

Nusu yake mabegani lakini. Begi zito linalokaa kiunoni halichoshi kama jepesi linaloning'inia. Tumetofautiana hapo, sawa.

Na kava ya mvua isiwe sababu ya kununua begi. Inafunika mbele na ubavu, maji yanashuka kati ya mgongo wako na begi kama kawaida. Nguo za kulalia na mfuko wa kulalia viingie kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kufunga. Usije na mifuko ya plastiki ya kutupa, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga. Chupa za maji za dukani pia zimo.

MwanaMenengai (Nakuru)

Asanteni sana. Nimepimwa, mgongo ni sentimita 47. La dukani nimelijaribu kwa unga, liliteleza kabla sijafika mlangoni, mwenye duka akacheka. Deuter nimelipapasa ndani mpaka pembeni: halinati, hakuna maganda, harufu ni ya moshi wa kuni, lilikuwa linakaa karibu na jiko. Mgongo wake unarekebishika, ukanikaa sawa. Hilo la skii ninalitamani bado, ila wenzangu wawili wana mabegi madogo kuliko hata lile, kwa hiyo hema lote litaniangukia mimi. Nakaribia kuchukua Deuter. Sasa hiyo klipu, je?

FundiBarasa (Bungoma)

Klipu si kitu. Pima upana wa utepe wenyewe, si klipu. Viunoni mara nyingi ni milimita 38 au 50, na ukikosea hapo utepe utajikunja na kulegea ukitembea. Tafuta ile yenye mwanya kwenye upau, unapenyeza utepe bila kufumua mshono wala kuja kwa fundi. Nunua pande zote mbili, dume na jike, za kampuni moja hazikubaliani na za nyingine. Na nunua jozi ya pili uitie mfukoni, maana klipu ya kiuno huvunjika mtu akiikanyaga usiku akitoka hemani.

Bei yake haifiki mia mbili. Lakini jirani usimwambie hivyo. Mwambie begi halibebeki bila mkanda wa kiuno, jambo ambalo ni kweli, halafu mtajie 5,000 unyamaze.