Fothergilla, Amelanchier au Aronia kwa udongo wa Columbus, Ohio?

BustaniNdogo: Wakuu, nina nafasi ya mita 2 kwa 3 mbele ya nyumba, jua kwa saa 6 kwa siku, mfinyanzi mzito wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 7.3. Natafuta kichaka kimoja: maua Aprili au Mei, majani mekundu Oktoba. Kati ya hivi vitatu, kipi?

Kitalu: Fothergilla iondoe, ingawa kwa sura hakuna kinachoifikia: maua kama brashi nyeupe yenye harufu ya asali, kisha manjano, chungwa na nyekundu kwenye tawi moja. Inataka pH 5 hadi 6. Kwenye 7.3 mizizi haipati chuma hata kama kimo ardhini, hivyo majani yanapauka huku mishipa ikibaki kijani. Mbolea ya kawaida haiponyi hilo.

Mfinyanzi22: Na nikimwaga salfa ili kushusha pH?

Kitalu: Dondoshea siki udongo mkavu. Ukitoa povu kuna chokaa, na itameza salfa yote utakayomwaga. Usipotoa, salfa itafanya kazi, ila wanaoibadili kuwa asidi ni bakteria, na baridi huwalaza. Hesabu miezi, si wiki.

JaniJekundu: Amelanchier nyingi huvuka mita 5, itakula dirisha. Tena ukiwa na mireteni (juniper) jirani, kutu, yaani ugonjwa wa kuvu, itahama kutoka huko na kuharibu matunda. Chukua Aronia arbutifolia 'Brilliantissima': mita 2 na ushee kwenda juu, upana kama mita 1.2, maua meupe, nyekundu kali Oktoba, na inavumilia mfinyanzi. Kasoro zake: chini hubaki uchi, na huchipua kutoka mizizini. Machipukizi yang'oe yakiwa machanga.

Mfinyanzi22: Mbona hamtaji kichaka cha Euonymus alatus? Wekundu wake unatisha.

JaniJekundu: Maua yake huyaoni, na huvamia misitu. Massachusetts wamepiga marufuku kuiuza.

Kitalu: Shimo liwe pana mara mbili ya kopo, kina kisizidi bonge la mizizi. Usilijaze mboji tupu. Kwenye mfinyanzi linageuka beseni na mizizi inaoza. Matandazo sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza, wiki isiyo na mvua, lita 15 hadi 20 polepole.

BustaniNdogo: Kupogoa lini?

JaniJekundu: Maua yakishapukutika tu. Macho ya maua ya mwakani huumbika kiangazi, kwa hiyo ukikata Februari unatupa maua. Mbolea ya nitrojeni nayo iishie Juni.