Tusi ndani ya wimbo wa kejeli: likatwe au liachwe?

Mzee wa Santuri:
Wakuu, jana nimepiga tena "Money for Nothing" ya bendi ya Dire Straits ya Uingereza, ya 1985. Mwimbaji na mpiga gitaa wao, Mark Knopfler, aliuokota wimbo huu New York, kwenye duka la vyombo vya umeme. Mbebaji mmoja alisimama mbele ya televisheni zinazoonyesha MTV, kituo cha video za muziki, akawa anawananga wanamuziki: hawa nao wanafanya kazi gani? Knopfler akaomba kalamu na karatasi, akayaandika maneno yake palepale dukani.

Kwa hiyo anayesema mle ndani ni mbeba friji. Na ana mdomo mchafu: mwanamuziki mwenye hereni anamwita mara tatu kwa tusi la Kiingereza wanalotukanwa mashoga. Januari 2011 baraza la viwango vya utangazaji Kanada likasema wimbo wenye neno hilo haufai redioni, baada ya msikilizaji mmoja kulalamika. Vituo vingine vikagoma, vikaupiga saa nzima mfululizo. Mwaka uleule baraza likalegeza, kila kituo kiamue chenyewe.

Mimi nasema liachwe. Wimbo unatoka 1985, MTV ina miaka minne tu na sura imeanza kuuza kuliko gitaa. Mbebaji analiona hilo vizuri, ila wivu unamtoka kwa matusi. Mfute tusi, abaki mtu mwema anayenung'unika kidogo, kejeli iko wapi? (Na MTV nayo haikununa. Ilipofunguliwa Ulaya 1987, video ya kwanza kurushwa ilikuwa hiyohiyo.)

Fundi Friji:
Shikamoo mzee. Mimi friji nimezibeba kweli, Kariakoo. Unapandisha ghorofa ya nne kwa ngazi, mlango wa friji umebanwa kwa solotepu, mwenzako chini anapiga kelele "inamisha!", mkono umebanwa ukutani. Pale linatoka lolote, sibishi. Swali langu ni hili: anachekwa nani? Milionea kamsikia kuli akisema mamilionea hawafanyi kazi, kaandika, kazidi kutajirika. Yule wa dukani kapata nini?

Binti wa Makorora:
Nyie mnajadili mbeba friji, mwenye kutukanwa hamjamgusa. Redioni hakuna anayesimama kueleza kwamba hii ni kejeli. Mtu yuko kwenye daladala, anachosikia ni neno alilopigiwa nalo shuleni. Halafu bendi yenyewe ina toleo lisilo na ubeti huo, liko kwenye mkusanyiko wao wa 1998. Kama wao waliweza kuukata, redio ikiukata inawauma nini?

Mzee wa Santuri:
Marahaba Fundi, hapo umenibana, sina jibu. Binti, toleo hilo ninalo. Redioni lipigwe hilo, nakubali nusu. Santuri yangu msiiguse.

Fundi Friji:
Mzee, hiyo santuri ukihama nyumba nani atakubebea?